Kabla hujalipia kozi ya TEHAMA ya nyumbani, ulizia namba ya mtihani

Septemba 2019 nililipa shilingi laki nne na nusu kwa kozi ya kusomea nyumbani ya CCNA, cheti cha ufundi wa mitandao ya kompyuta kinachotolewa na kampuni ya Cisco. Nilikuwa fundi simu Mwanza. Nafunga duka saa mbili usiku, nakula, kisha nakaa mezani hadi saa sita. Chuo kilinipa flashi yenye video, vitabu viwili vya PDF na namba ya WhatsApp ya mwalimu. Wiki tatu nzima zilikwenda kwenye EIGRP peke yake, moja ya njia ambazo ruta hutumia kupeana habari za mtandao, mpaka nikaielewa vizuri.

Machi 2020 nikaingia mtandaoni kujisajili. Mtihani niliouandalia, namba 200-125, haukuwepo tena. Ulifungwa Februari 24, mahali pake ukaja 200-301. Cisco walitangaza mabadiliko hayo Juni 2019, miezi mitatu kabla sijalipa, kwa hiyo aliyeniuzia alijua au alipaswa kujua. EIGRP haikuwa tena kati ya vitu unavyotakiwa kuvisanidi. Yalikuwa yameingia mambo ya kuendesha mtandao kwa programu, JSON (namna ya kuandika data) na API (njia ya programu kuwasiliana), na kwenye flashi yangu hayo hayakutajwa hata mara moja. Niliumia sana. Fedha ile ilikuwa ada ya mdogo wangu ya muhula mmoja.

Ndiyo maana anayeniuliza asome kozi gani, namrudishia swali: mtihani wake namba ngapi? Kampuni inayotoa cheti huweka orodha ya mada za mtihani kwenye tovuti yake, bure. Ipakue, iweke kando ya yaliyomo kwenye kozi, upige alama mada moja moja. Muuzaji asiyeweza kukutajia namba usimlipe.

Uliza pia bei inabeba nini. Ada ya mtihani wa CCNA peke yake ni dola 300, na kwa kawaida haimo kwenye bei ya kozi. CompTIA A+, cheti cha ufundi wa kompyuta ambacho namshauri anayetaka kuanza na kazi hiyo ofisini, kina mitihani miwili na kila mmoja unalipiwa. Ukifaulu mmoja tu, cheti hupati. Tangu Machi 2025 mitihani hiyo ina namba mpya, 220-1201 na 220-1202. Anayetaka kuandika programu asikimbilie kulipa: kozi za mtandaoni za freeCodeCamp na CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard zinasomeka bure, na mwajiri atataka kuona ulichotengeneza.

Jambo la pili ni mikono, na hapa nasisitiza. Video humfanya mtu aamini anajua. Nilikuja kujua kweli nilipopata Packet Tracer, programu ya Cisco inayotolewa bure kupitia Networking Academy, mpango wao wa mafunzo, nikawa naunganisha ruta na swichi za kuigiza kwenye kompyuta yangu ya mtumba, naziharibu makusudi, kisha natafuta hitilafu. Omba somo moja la majaribio kabla ya kulipa. Likiisha bila wewe kuandika amri hata moja, endelea kutafuta.

Nilifaulu mwaka 2021. Kwenye usaili wa kwanza hakuna aliyeniuliza maana ya VLAN, yaani kugawa swichi moja iwe mitandao kadhaa iliyotengana. Walinionyesha kompyuta mbili zilizochomekwa kwenye swichi moja, wakasema hazionani, tafuta shida. Mlango mmoja wa swichi ulikuwa umewekwa VLAN tofauti. Hitilafu ile nilishaitengeneza mwenyewe usiku mara nyingi mno.

Hakikisha video zinapakulika, maana bando la kutazama moja kwa moja litakumaliza na umeme nao unakatika. Na wanaouza "majibu ya mtihani halisi" waache kabisa. Ukigundulika unanyang'anywa cheti, na usipogundulika utasimama mbele ya swichi kama ile bila la kufanya.

Mdogo wangu sasa anataka kusoma A+. Amepakua orodha ya mada na kila jioni anaipigia alama. Amemwuliza muuzaji kama bei inabeba mitihani yote miwili. Leo ni siku ya tano, muuzaji hajajibu, na fedha bado tunayo.