Uliniuliza siku ngapi

Mwanangu,

Wa alaikumu salaam. Sisi hatujambo, ila mama yako goti linamsumbua kidogo. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unataka likizo ya Agosti ushuke Rufiji peke yako kwa mtumbwi, kutoka hapa nyumbani Mloka hadi Salale kule delta, na unauliza kama siku sita zitatosha, kwa kuwa mimi nilishafanya.

Siku ni hesabu ya abiria wa basi. Mto hauna mazoea, nimewaambia tangu mko wadogo, na siku hizi hata mimi ninayelala nikiusikia siujui vizuri. Zamani tulijua masika unajaa, kiangazi unanywea. Tangu bwawa la Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, maji yanapita kwanza mikononi mwa watu ndipo yatufikie. Na mafuriko ya Aprili 2024, mpunga wa shangazi yako uliuona mwenyewe ulivyolala. Kwa hiyo usilale kwenye fungu la mchanga, hata likikutazama vizuri namna gani. Penye kina gonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi, kiboko akusikie kabla hujamfikia. Jioni usinawe ukingoni, chota maji kwa kopo ukanawie mbali.

Haya yote unayajua. Naona nazunguka tu.

Kiangazi cha 1986 nilichukua mtumbwi wa babu yako, ule wenye kiraka cha bati kwenye omo. Aliuchonga kwa tezo miezi mitatu. Siku tatu za kwanza nilikuwa mfalme. Siku ya nne alasiri nikatokeza Ndundu. Daraja la Mkapa lilikuwa bado sana, hilo limefunguliwa 2003. Palikuwa na pantoni, nayo ilikuwa ng'ambo. Malori yamepanga foleni, watu wamejilaza kivulini, mama mmoja anakaanga mihogo. Nikafunga mtumbwi nikaenda kununua. Akanitazama, akasema, "Kijana, umetoka wapi peke yako? Umefiwa?"

Nikafungua mdomo nimjibu, sauti haikutoka. Siku nne sikuwa nimesema na mtu, nimefokea viboko tu. Machozi yakanimwagika, mhogo mkononi, mbele ya mautingo wa malori. Yule mama hakucheka. Aliniongezea kipande, akakataa hela yake.

Sikuurudia ule mtumbwi, mwanangu. Nilijiambia ni bamvua, maji ya bahari yatanirudisha nyuma, na mle kwenye mikoko mto unagawanyika mikono mingi, mgeni hajui ashike upi. Uongo. Hata mwezi sikuwa nimeutazama. Au labda mikoko niliiogopa kweli? Hapana. Nilichoogopa ni usiku mmoja zaidi bila mtu wa kuniita jina.

Nikamuuzia mvuvi wa delta aliyekuwa akirudi kwao. Mtumbwi ulifika baharini, mimi sikufika. Nyumbani nikasema nimefika Salale na bahari imeuvunja. Babu yako hakuuliza neno. Alichinja jogoo. Yule jogoo mnayemsimulia kila Idi ndiye huyo, na kila hadithi ikifika kwake mimi hutoka kwenda kuangalia mbuzi.

Sasa unataka niseme nenda au usiende. Wewe si mimi. Ulikaa Norway miaka miwili na ukarudi unacheka. Lakini kule ulikuwa na simu. Na mtoni simu utakuwa nayo pia, najua, usinijibu hivyo. Mto hauna mazoea, na mtu naye hana, akiwa peke yake. Neno ninalo hapa mdomoni, mama yako angeliona usoni mwangu. Una miaka 31. Silisemi.

Ila anza hapa kijijini kushuka chini, juu huko ni Hifadhi, usikuguse. Ndundu shuka ule mihogo, uzungumze na watu hata kama huna la kuzungumza. Kuingia delta tafuta mtu wa kule akuelekeze maji yanajaa saa ngapi. Kafi la babu yako sikuliuza. Liko darini jikoni, juzi nimelipaka mafuta, sijui kwa nini.

Mama yako anauliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia nakueleza bei ya ufuta.

Baba yako