Jibu: Fife kwa siku mbili, nianzie wapi?

Mkuu, umeuliza kama siku mbili zinatosha kuitembea Fife ukitokea Edinburgh. Zinatosha, ila usitake kumaliza kila kitu. Fife ni rasi ya mashariki mwa Uskoti, kati ya hori mbili, Forth kusini na Tay kaskazini.

Panda treni, siyo basi, ili uvuke lile daraja jekundu la reli la mwaka 1890. Shukia Dunfermline. Abasia ya pale (kanisa la kale la watawa) ndimo alimozikwa mfalme Robert the Bruce mwaka 1329 (moyo wake ulizikwa mbali, Melrose, usiniulize zaidi). Upande huo wa magharibi na kati ndio uliokuwa wa migodi ya makaa ya mawe. Mji wa Kirkcaldy ndiko alikozaliwa mwanauchumi Adam Smith, lakini kwa mgeni wa siku mbili mimi ningeuruka.

Siku ya pili yote ipe kaskazini-mashariki. St Andrews wengi huijua kwa gofu. Mimi naona magofu ya kanisa kuu yana uzito zaidi. Lilizinduliwa 1318 Bruce mwenyewe akiwepo, likavamiwa na wanamageuzi wa dini 1559, kisha mawe yake yakachukuliwa kujengea mji. Chuo kikuu cha pale ni cha 1413, kikongwe kuliko vyote Uskoti. Angalizo: mji hauna stesheni, unashukia Leuchars na kupanda basi.

Jioni ikikuruhusu, teremka Crail au Pittenweem, vijiji vya wavuvi. Kasri la Falkland, chini ya vilima vya Lomond, linahitaji gari.