Maktaba ni Tarishi Tu: Niliyojifunza Nikiitumia WhiteboxTools kwa Python

Anayechambua data za ramani kwa kubofya vitufe hufikia siku akachoka. Mimi nilichoka nilipokuwa na maeneo mengi ya kuchorea mipaka ya mabonde ya mito, kila eneo likihitaji hatua zilezile kwa mpangilio uleule, na kila nilipopumzika nikasahau nilikuwa nimefika hatua ya ngapi. Ndipo nilipohamia WhiteboxTools, programu huria iliyoanzishwa na John Lindsay wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada, ambayo ina mamia ya zana za kuchambua mwinuko wa ardhi, mtiririko wa maji na picha za setilaiti. Programu yenyewe imeandikwa kwa lugha ya Rust, ambayo mimi siijui. Haikunizuia, kwa sababu ipo maktaba (mkusanyo wa kodi iliyokwisha kuandikwa) ya lugha ya Python iitwayo whitebox inayoziita zana hizo zote kwa mstari mmoja mmoja wa kodi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba maktaba hiyo ndiyo inayopiga hesabu. Kazi yake ni ya tarishi: inapokea jina la zana pamoja na vigezo nilivyoandika, inavigeuza kuwa amri, inaikabidhi amri hiyo programu inayojitegemea, kisha inasubiri na kurudi na jibu. Ukilishika hilo, mambo mengi yanayoonekana kama vituko yanaeleweka. Rasta (ramani iliyogawanywa katika pikseli) uliyoifungua kwa rasterio, maktaba nyingine ya Python, na kuibadilisha ndani ya kumbukumbu haionekani kabisa na programu hiyo mpaka uiandike diskini, kwa kuwa tarishi habebi data, anabeba majina ya faili tu. Kwa upande wa vekta, yaani nukta, mistari na maumbo, zana hizi zinataka faili za aina ya Shapefile, kwa hiyo faili yako nzuri ya GeoPackage itabidi ibadilishwe kwanza, na majina ya safu yanayozidi herufi 10 yatakatwa.

Majina hayo ya faili nayo yana tabia zake. Niliwahi kupoteza mchana mzima nikiambiwa kwamba faili haipo ilhali naiona mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimeweka folda ya kazi kwa set_working_dir, kisha nikaandika jina la faili likitanguliwa na jina la folda ndogo. Jina tupu la faili huunganishwa na folda ya kazi, lakini likishakuwa na alama ya mkwaju (/) programu hulichukua kama njia iliyojitosheleza, na ikiwa si njia kamili, huanza kuitafuta pale inapokaa yenyewe, wala si pale ilipo skripti yangu. Tangu siku hiyo huandika njia kamili kuanzia mzizi wa diski, hata kama mstari unakuwa mrefu na wa kuchosha kusoma.

Lililonifunza zaidi ni suala la vipimo. Katika kuchora bonde la mto, hatua ya kwanza ni kuondoa mashimo ya bandia yaliyomo kwenye data za mwinuko, ambayo yangeyanasa maji yasiendelee. Zana ninayoitumia, breach_depressions_least_cost, huchimba njia ndogo ya kuyatoa maji badala ya kufukia shimo zima, na kigezo chake cha dist huhesabiwa kwa pikseli. Hatua chache baadaye inakuja snap_pour_points, inayosogeza nukta zako za kutokea maji ili zikae juu ya mto wenyewe, nayo ina kigezo cha snap_dist. Kwa kuwa nilikuwa nimetoka tu kuhesabu pikseli, niliandika 2, nikiwa na maana ya pikseli mbili. Kigezo hiki cha pili hakihesabu pikseli, kinafuata kipimo cha ramani, na data zangu za SRTM, yaani za mwinuko zilizopimwa kwa rada kutoka angani, zilikuwa bado katika nyuzi za latitudo na longitudo. Nilikuwa nimeiruhusu zana isogeze kila nukta hadi nyuzi 2, yaani zaidi ya kilomita 220 karibu na ikweta. Kigae kimoja cha SRTM kina upana wa nyuzi 1 tu.

Zana hiyo hutafuta pikseli yenye mtiririko mkubwa kuliko zote ndani ya umbali iliopewa, nayo ilitii neno kwa neno. Nilipofungua matokeo niliona nukta moja ukingoni mwa ramani, pale mto mkubwa kuliko yote unapotokea. Nilidhani nyingine zimefutika. Nilipokagua jedwali nikazikuta zote 14, zimerundikana juu ya pikseli moja. Python haikulalamika hata kidogo. Jibu lililorudi lilikuwa 0, ambalo maana yake ni kwamba kazi imekwisha bila hitilafu.

Siku hizi hubadilisha data ziwe katika mfumo wa mita, kwa kawaida UTM ya ukanda husika, kabla ya kuita zana yoyote, na kwa nukta natumia jenson_snap_pour_points, inayozipeleka kwenye kijito kilicho karibu zaidi badala ya kufukuzia mto mkubwa. Vilevile, kila zana ninayoitumia kwa mara ya kwanza naisoma kwenye mwongozo wa WhiteboxTools yenyewe, si kwenye maelezo mafupi ya maktaba, kwa kuwa aliyejua kigezo kina maana gani ni aliyeiandika zana.

Ukichanganya WhiteboxTools na programu nyingine za ramani, kama ArcGIS au GRASS, uangalifu uongezeke. Rasta ya mwelekeo wa maji inayotolewa na d8_pointer huandika 2 kwa maji yanayoelekea mashariki, ArcGIS huandika 1, na r.watershed ya GRASS huandika 8. Ukiipa WhiteboxTools rasta ya ArcGIS bila kuweka esri_pntr kuwa True, kila mshale unageuka nyuzi 45, na bado utapata ramani yenye rangi na mipaka.

Kuhusu diski, piga hesabu mapema: rasta ya pikseli 10,000 kwa 10,000 yenye baiti 4 kwa kila pikseli ni megabaiti 400, na kila hatua inaacha faili yake. Mimi hufuta za katikati mwishoni, baada ya kuzitazama.

Hatari kubwa ya faili hizo haiko kwenye ukubwa. Zana ikishindwa, maktaba hii ya Python hurudisha 1 bila kuisimamisha skripti, na kama faili ya jana yenye jina lilelile bado ipo, hatua inayofuata itaichukua na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Nimewahi kupeleka ramani ya namna hiyo kwa wenzangu, tukaijadili kwa wiki nzima. Kwa hiyo nimeandika kipande kifupi cha kodi ya Python (function) ambacho kila zana hupitia kwanza: kinafuta tokeo la zamani, kinaita zana, kinakagua kama jibu ni 0, kinahakikisha faili mpya imepatikana, na lolote likikosekana kinasimamisha kila kitu papo hapo na kunionyesha jina la zana iliyokwama.