Superman hakubuniwa ampige Hitler. Futa hiyo aya!

Mkuu, umeuliza mashujaa wa katuni walitoka wapi na kwa nini wanavaa majoho, ila macho yangu yamegota kwenye aya uliyobandika: eti Superman alibuniwa ili ampige Hitler. Ifute leo, kabla msimamizi wako hajaiona.

Mimi niliijenga sura nzima ya tasnifu juu ya sentensi hiyohiyo. Ilirudi nyekundu tangu juu hadi chini, nikaongezewa mwaka chuoni. Ada ya mwaka ule mama aliuza ng'ombe, na mpaka leo inaniuma.

Aliyeniponza ni jamaa mmoja wa video za mtandaoni. Anaongea kwa kujiamini kama alikuwepo, kumbe jalada analoonyesha ni la Captain America, shujaa mwingine kabisa wa katuni! Yule ndiye aliyemtandika Hitler ngumi, toleo la kwanza, Machi 1941, kazi ya Joe Simon na Jack Kirby. Mtu anayefundisha maelfu anashindwaje kusoma tarehe iliyo juu ya jalada?

Superman alitoka kwenye jarida la katuni la Action Comics namba 1, Juni 1938. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, walihangaika naye miaka ya Mdororo Mkuu, yaani uchumi ulipoporomoka miaka ya 1930, ajira ikiwa shida kote Marekani. Fungua kurasa zenyewe uone anapambana na nani. Anambana mume anayempiga mkewe. Anakimbia usiku hadi kwa gavana kumwokoa mwanamke anayekaribia kuuawa kwa kosa la mwingine. Kisha anamwandama mtu anayemnunua seneta Washington. Hitler hayumo. Hata kupaa hapai: anaruka mita 200 hivi na kutua, na katuni yenyewe inamfananisha na panzi.

Sisemi mateso ya Wayahudi chini ya Hitler hayahusiki. Siegel mwenyewe baadaye aliyataja, lakini aliyataja pamoja na ukosefu wa kazi na hofu ya miaka ile. Ongeza Samsoni, Hercules yule mwenye nguvu wa hadithi za kale, na filamu za Douglas Fairbanks, mwigizaji wa sinema za zamani za Marekani. Huwezi kuchomoa uzi mmoja ukauita nguo.

Kwa hiyo, kabla hujaandika kitu kilitoka wapi, soma toleo la kwanza na utazame tarehe. Toleo la kwanza kwanza! Lisome usiku huu, kisha bandika aya mpya hapa niipitie.