Ukiwapeleka wanafunzi makumbusho, waache kwanza watazame

Wanachuo wenzangu mnaosomea ualimu wa sanaa, hii ni yenu, hasa nyie mtakaopangiwa shule za huku Kigoma kwenye BTP, yaani mazoezi ya kufundisha. Mimi nimefanyia hapahapa mjini, shule ya msingi, na kuna jambo moja nimetoka nalo ambalo natamani kila mwenye kushika chaki alisikie kabla hajaanza kuchangisha hela ya gari: mtoto ukimpeleka kwenye maonesho mpe muda wa kutazama kabla hujafungua mdomo. Yaani kutazama kweli, kitu kimoja, mpaka achoke, maana akishachoka ndo anaanza kuona yale ambayo mwanzo yalimpita.

Ziara nyingi za shule mnazijua zinavyokwenda. Watoto wanashuka kwenye gari, wanapangwa mistari, wanazungushwa ukumbi mzima mbiombio huku kila mmoja kashika daftari anaandika anachosema muongozaji, halafu soda, halafu nyumbani. Kesho yake darasani ukiuliza jana mliona nini wanakusomea daftari. "Stanley alikutana na Livingstone Ujiji mwaka 1871." Sasa hilo si lipo kwenye kitabu cha historia jamani, nauli ya nini? Kisichokuwepo kwenye kitabu ni kile kitu chenyewe kilivyo, ukubwa wake, kimetengenezwa na nini, kimewekwa karibu na nini, kinamtazama nani, na hapo ndipo somo letu lilipo. Mwalimu wa sanaa asipokitetea hicho kipindi hakuna mwalimu mwingine atakayekitetea.

Kwa sisi wa Kigoma bahati tunayo, makumbusho ya Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti ambaye Stanley, mwandishi wa habari, alikuja kumtafuta, iko Ujiji, kutoka mjini ni daladala tu. Kuna lile jiwe la kumbukumbu lenye ramani ya Afrika, kuna miembe ambayo inasemekana ni kizazi cha ule mwembe waliokutania chini yake, na ndani kuna sanamu za Livingstone na Stanley wakisalimiana, pamoja na picha na maelezo kuhusu biashara ya utumwa. Ushauri wangu, usiende na mpango wa kumaliza vyote. Chagua kitu kimoja, viwili vikizidi sana, na uende mwenyewe siku kadhaa kabla ukavikague, uongee na wahudumu uwaambie unataka watoto wakae mbele ya zile sanamu kwanza halafu maelezo yaje baadaye. Wanaelewa vizuri tu ukiwaambia mapema, ila ukiwastukiza mlangoni wataanza na hotuba yao ya kila siku na hapo kipindi chako kimeshaondoka.

Nilipokuwa na watoto wangu niliwakaza na maswali matatu tu. Hapa kunaendelea nini? Umeona nini mpaka ukasema hivyo? Kuna kingine unakiona? Haya maswali yana wenyewe, yalitengenezwa Marekani na Abigail Housen, mwanasaikolojia, pamoja na Philip Yenawine ambaye alikuwa mkuu wa elimu kwenye jumba la sanaa za kisasa la New York, mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kugundua watu wanatembezwa makumbusho, wanaelezwa vizuri, na bado hakuna kinachobaki kichwani. Ukiyasikia unaweza kuyadharau maana ni mepesi mno. Uzito wote uko kwenye swali la pili. Mtoto akisema "huyu mzungu ni mgonjwa" wewe usimwambie ndiyo wala hapana, muulize ameona nini mpaka akasema hivyo, na hapo atalazimika kurudi kwenye sanamu kutafuta ushahidi, atatazama mabega, atatazama mikono, atatazama nguo, na wenzake watambishia kwa ushahidi wao. Na kweli Livingstone alikuwa mgonjwa na kaishiwa, ila hapo mtoto kafika kwa macho yake mwenyewe kabla hujamwambia.

Kazi yako wewe ni kurudia alichosema kwa maneno safi ili wote wasikie, na kukionyesha kidole kile anachokitaja. Basi. Ni ngumu kuliko inavyosikika, ulimi unawasha kweli maana majibu unayo.

Sasa kuna kitu kilitokea pale ambacho bado nakifikiria mpaka leo. Nilipouliza kuna kingine wanakiona, binti mmoja wa darasa la tano, mpole sana, darasani hata mkono hanyooshi, akasema yeye anaona wapo wawili tu. Nikamuuliza umeona nini mpaka ukasema wawili tu, akasema huyu Stanley katoka mbali, mizigo yake amebeba nani? Kundi zima likanyamaza. Mtoto ametazama sanamu akaona kisichokuwepo. Hapo ndipo maelezo yakaja, tena yaliingia kwenye masikio yaliyokuwa yanayasubiri: kwamba Stanley alikuja na msafara wa wapagazi na askari kutoka pwani, kwamba kwa maandishi yake mwenyewe, alipoingia Ujiji alianza kusalimiwa na Susi, mtumishi wa Livingstone, na alisalimiwa kwa Kiingereza. Kwamba Livingstone alipofariki tarehe 1 Mei 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, ambako leo ni Zambia, ni hao kina Susi na Chuma na wenzao waliozika moyo wake pale chini ya mti, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Watoto waliporudi darasani niliwapa karatasi nikasema chora watu waliokosekana. Sikuwahi kuona darasa limeinama hivyo, mpaka kengele ya mapumziko ikagongwa wapo tu.

Ndo maana nasema maonesho hayajamaliza kusema, mtu fulani aliamua nini kiwekwe na nini kiachwe, na mtoto ana haki ya kuuliza. Hata tarehe yenyewe. Tunaisoma 10 Novemba 1871 kwa sababu ndivyo alivyoandika Stanley, lakini kwenye shajara ya Livingstone tukio liko mwishoni mwa Oktoba, alikuwa ameshapotea hesabu ya siku. Waambie watoto wa madarasa ya juu hilo halafu waulize wao wangeandika nini kwenye kibao. Mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili atakupenda bure, na hapo utapata hata vipindi viwili mfululizo ambavyo peke yako usingepewa.

Kwa mliopangiwa Tabora, nendeni Kwihara kwenye lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi aliotumiwa na Stanley kutoka pwani. Pale kitu cha kutazama ni nyumba yenyewe, kuta za udongo, ua wa ndani, mlango wa mbao uliochongwa. Kaa na watoto mlangoni tu, wachore nakshi ya mlango kipande kimoja, saa nzima itaisha. Na kama mna simu yenye bando, watafutie picha ya kile kiti cha enzi cha Kinyamwezi chenye mgongo mrefu uliochongwa umbo la mtu, kitu cha mwishoni mwa karne ya 19, hakipo Tabora wala Dar, kipo makumbusho ya Berlin. Swali la "umeona nini mpaka ukasema hivyo" linafanya kazi hata kwenye picha ya simu, na swali la kwanini kipo huko watauliza wenyewe, usiwatangulie.

Najua wapo wa Kasulu, Kakonko, Uvinza, mtasema makumbusho tutaisikia redioni. Ndugu zangu, maonesho yanaweza kufanyika darasani na mimi kwa upande wangu naona ndo yalinifundisha zaidi kuliko hata Ujiji. Mwambie kila mtoto alete kitu kimoja cha nyumbani ambacho ni cha zamani kuliko yeye. Vitakuja vyungu, vibatari, vinu, mikeka, nyavu, redio za mkulima zisizolia, majembe yaliyolika mpaka yamebaki kama kijiko. Panga madawati ukutani, tandika kitenge, kila kitu kikae na nafasi yake kisibanane na kingine, halafu kila mtoto aandike lebo. Na lebo ndo kazi yenyewe. Mimi nilitaka mambo manne: ni kitu gani, kimetengenezwa na nini, nani alikitumia, na jambo moja ambalo mtu akikitazama tu hawezi kulijua. Hilo la nne linamrudisha mtoto nyumbani kuuliza.

Kijana mmoja alileta karabai ya babu yake aliyekuwa anavua dagaa usiku, zile za kabla taa za sola hazijaingia ziwani. Tenki limebonyea upande, kioo kina ufa kutoka juu mpaka katikati, ukiisogelea bado inanuka mafuta ya taa, na kwenye pampu kumefungwa kipande cha uzi mwekundu umeshakuwa karibu mweusi. Alichora karabai yote vizuri kabisa, uzi akauacha. Nikamuuliza tu, na hiki? Kesho yake lebo ikaja hivi: "Karabai ya babu. Ni ya bati na kioo. Huu uzi aliufunga ili usiku mwenzake asiichukue akidhani ni yake." Na mchoro ameurudia, safari hii uzi upo mbele, mkubwa kuliko kawaida. Hakuna somo la mkazo kwenye sanaa, yaani kukifanya kitu kimoja kionekane kuliko vingine, ningeweza kulifundisha ubaoni likaeleweka vile.

Vifaa visikutishe. Karatasi tumia maboksi ya dukani yaliyofunguliwa, upande wa ndani. Rangi, udongo mwekundu tunao wa kumwaga, upepete uchanganye na uji mwepesi wa unga wa muhogo unashika vizuri tu, nyeusi ni mkaa, brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha. Rangi ya mawese inavutia ila haikauki, inachafua madaftari, msiiguse.

Na kama uko Kigoma mjini tembeza watoto mpaka stesheni, reli ilifika hapa 1914, na kutokea pale wasimulie MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika. Ile meli ilijengwa Papenburg Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa maji mpaka Dar es Salaam, ikaletwa huku kwa reli na kuunganishwa hapa, Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mkirudi darasani kila kundi lichore meli kwenye boksi kubwa, ikatwe vipande, makundi yabadilishane na kila kundi liunganishe ya wenzao. Watoto wanajifunza umbo na uwiano bila wewe kuyataja hayo maneno, ukija kuyataja baadaye tayari wanayajua mikononi.

Wingi wa watoto ndo kikwazo cha kweli, hilo sitawaficha. Darasa likiwa limejaa huwezi kuwasimamisha wote mbele ya kitu kimoja. Gawa makundi, nusu watazame na kuchora, nusu wawe nje wanakusanya udongo au wanaandika lebo, halafu wabadilishane, na muombe mwalimu wa darasa abaki na wewe. Mtaaluma, yaani mwalimu wa taaluma wa shule, akikuuliza mbona watoto hawana notisi kwenye daftari, mwonyeshe lebo, ni maandishi, ni Kiswahili sanifu, zina sentensi kamili, na kwenye andalio la somo ziandike wazi kama ndo tathmini yako ili mkufunzi akija kukuona asipate shida.

Maksi sasa. Wengi tunazoea kumpa alama za juu mwenye mkono mwepesi, yule anayechora kikatokea kama picha, na darasa zima linajua ni nani tangu darasa la pili, wengine wote wameshakata tamaa. Mimi nagawa hivi: nusu ya alama ni kwa alichokiona, yaani kwenye mchoro kuna ushahidi kwamba alitazama kitu hiki na sio kingine, ule ufa, ule mbonyeo, ule uzi, na nusu iliyobaki naigawa kati ya lebo na usafi wa kazi. Ukifanya hivyo utashangaa wanaoongoza ni kina nani. Yule binti aliyeuliza mizigo kabeba nani, mistari yake imepinda kila mahali, ila mchoro wake wa wapagazi ulikuwa na mtu mmoja aliyeweka mzigo chini anatazama mguu wake. Nilimpa alama za juu kabisa na nilimweleza mbele ya wenzake kwanini.

Mwisho, vitu vya watu. Ukiwa unapokea vya maonesho ya darasani weka daftari, jina la mtoto, kitu, hali yake kilivyofika, na sahihi ya mzazi, na ofisi ya mwalimu mkuu ndo ivilaze kama vitakaa zaidi ya siku moja. Vya kioo na vya udongo usimpe mtoto arudi navyo peke yake, vipeleke mwenyewe mpaka mlangoni. Utakaribishwa ndani, na kuna wazee watakueleza mambo ya kile kitu ambayo kwenye lebo hayakutosha, kwa hiyo nenda na daftari na usiwe na haraka.