Mzee na Coastal: anzia kwenye kikosi

Ndugu, umeuliza utamzoeaje baba yako mstaafu wa bandari, ikiwa kinachowaunganisha ni Coastal Union tu, timu ya mpira ya Tanga. Hicho kinatosha sana.

Usimuulize "unaukumbuka ubingwa wa ligi wa 1988?" Atajibu "naam", basi. Chukua daftari, andika namba 1 hadi 11, umwombe akujazie kikosi cha mwaka ule: nani alicheza beki mbili, nani winga ya kushoto. Wazee wa Tanga wanaukumbuka mpira kwa namba za nafasi, na jina moja huvuta la pili. Akikosea, nyamaza. Kutoa simu kumsahihisha ndiko kunakoua mazungumzo.

Mechi ikiwa uwanja wa Mkwakwani, Tanga, saa kumi, fikeni saa nane na nusu, kabla ya msongamano wa getini. Lipia jukwaa lenye paa hata kama ni ghali zaidi. Mtu wa miaka sabini akipigwa jua dakika 90, mechi ijayo atasingizia magoti. Maji, kofia, kashata kidogo.

Nyumbani, chagueni redio au televisheni, si vyote pamoja. Picha ya king'amuzi huchelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo redio itatangaza goli mpira ungali katikati ya uwanja.

Mkeka wa kubeti usiuweke siku hiyo. Utashangilia timu nyingine na mzee ataona. Habari za nyumbani, kama kiwanja cha kujenga na ada za shule, ziache hadi kesho yake. Mapumziko muulize swali moja tu: angekuwa kocha, angemtoa nani?