Kabla Hujawasha Koili, Tutakutazama Unavyozima

Karibu. Jumamosi ya kwanza utakapofika kwenye banda letu la Kariobangi Light Industries, Nairobi, ambako tunatengeneza koili za Tesla, yaani mashine za kupandisha volti hadi cheche ziruke hewani, hutaona cheche hata moja, na ninajua kwamba wengi huondoka siku hiyo wamenuna, kwa sababu walikuja na simu mkononi tayari kurekodi. Utakachopewa ni bisibisi. Ukiielekeza kwenye mwanga utaona kwamba ncha yake ina kidonda cheusi, ukubwa wa punje ya mtama, mahali ambapo chuma kiliyeyuka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Bisibisi hiyo ni yangu, na ilipata kidonda hicho nikiwa nimekwisha kuchomoa plagi.

Nilikuwa ninajaribu transfoma ya maikrowevu pamoja na kapasita yake, kile kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme. Nilizima, nikachomoa, nikahesabu hadi sitini, maana nilikuwa nimesoma kwamba kapasita hizo zina rezista ndani, kipande kinachopitisha umeme kidogo kidogo, inayomaliza chaji yenyewe kwa muda mfupi. Ni kweli kwa kawaida zinayo. Ila ya kwangu ilikuwa imekatika, na rezista iliyokatika ndani ya kopo la bati haionekani kwa macho. Nilipogusisha bisibisi kwenye vichwa viwili vya kapasita, ulitoka mlio uliomfanya mchomeleaji wa banda la pili avue miwani yake na kuja kuchungulia. Kidole changu kilikuwa sentimita mbili kutoka hapo.

Ndiyo maana hatumpimi mgeni kwa urefu wa cheche zake, bali kwa namna anavyozima. Mtu akizima, huchomoa plagi na kuitia mfukoni mwake, akaenda nayo popote aendako, ili asiwepo mwingine wa kuirudisha kwenye soketi kwa nia njema. Kisha huchukua fimbo ya kutolea chaji, ambayo ni kipande cha bomba la plastiki chenye rezista na waya uliofungwa kwenye ardhi, akaigusisha kapasita, akasubiri, akaigusisha tena, kwa kuwa kapasita huweza kujirudishia sehemu ya chaji hata baada ya kumwagwa. Mwishowe hufunga waya kati ya vichwa vyake viwili na kuuacha hapo muda wote wa kazi. Wakati wa kuwasha, mwenzake husimama kando ya swichi kuu bila kazi nyingine yoyote. Huyo tunamwita mshika swichi, na ukija mara tatu za mwanzo, kazi hiyo ni yako.

Utasikia watu wakisema kwamba umeme wa koili hii haudhuru kwa sababu masafa yake, yaani mitetemo yake kwa sekunde, ni ya juu na hupita juu ya ngozi tu. Usiwaamini. Kwenye masafa ya mamia ya kilohezi mishipa ya fahamu haihisi mshtuko kama inavyouhisi kwenye stima ya nyumbani, lakini kutohisi si kutoungua. Tena cheche ikiruka hadi kwenye koili ya kwanza, ile ya chini yenye mizunguko michache inayolishwa na transfoma na kapasita, inaweza kufungua njia kwa umeme wa transfoma yenyewe, ule wa hezi 50, na huo ndio unaosimamisha moyo. Iko pia ile picha ya Nikola Tesla, mvumbuzi wa koili hii, ya mwaka 1899 huko Colorado Springs, ameketi kwa utulivu chini ya radi za kutengeneza. Bamba lile la picha lilipigwa zaidi ya mara moja: cheche peke yake, na Tesla peke yake. Hakuwa ameketi pale zilipokuwa zikiruka.

Kuhusu transfoma, ushauri wangu ni mfupi. Ya maikrowevu ni rahisi kupatikana kwa mafundi na kwa wauza vyuma chakavu, na hiyo ndiyo sababu inayotutia hofu zaidi, kwa kuwa hutoa kama volti 2,000 kwa mkondo mkubwa mno kwa mwili wa binadamu kuustahimili. Anza na koili ndogo ya transista inayotumia betri ya volti 9 au 12, ambayo huwasha taa ya neoni ukiisogeza karibu, na tutakufundisha kwayo karibu kila kitu. Baadaye, ukibahatika kupata transfoma ya kizamani ya mabango ya neoni, yenye chuma na waya na si ya kielektroniki, tutakaa pamoja tuipime.

Kazi ambayo mimi ninaipenda kuliko zote ni kusuka koili ya pili, ile ndefu inayotoa cheche, na ndiyo inayofichua tabia ya mtu. Chukua bomba la maji taka la milimita 110, likaushe vizuri, lipake vanishi. Waya wa shaba wa nusu milimita wenye vanishi utaupata kwa wanaosuka upya mota, wanaouuza kwa kilo. Kwa urefu wa sentimita 48 utapata karibu mizunguko 870, nayo humeza takribani mita 300 za waya, yaani zaidi kidogo ya nusu kilo. Mzunguko mmoja ukipanda juu ya mwingine, rudi nyuma uurekebishe papo hapo. Usijiambie kwamba vanishi ya juu itauficha, kwa sababu hapo ndipo umeme utakapotoboa. Kipande cha utepe kila baada ya mizunguko hamsini kitakuokoa siku mkono utakapoteleza.

Michoro mingi utakayoikuta imechorwa kwa ajili ya Marekani, ambako soketi hutoa volti 120 na hezi 60, ilhali sisi tuna 240 na 50. Kuchomeka transfoma ya kwao moja kwa moja ni kuichoma. Hata hesabu hubadilika: transfoma ya volti 9,000 na miliampea 30 hulingana na kapasita ya nanofaradi 8.8 (kipimo cha uwezo wa kapasita kuhifadhi chaji) kwa hezi 60, lakini kwa hezi zetu ni 10.6, na sisi huongeza hadi kama 16 makusudi, ili transfoma na kapasita zisivume pamoja na kupandisha volti hadi kitu kipasuke. Kumbuka pia kwamba Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, huzuia umeme kwa nguvu pungufu karibu moja kwa tano kuliko ya Mombasa, kwa hiyo umbali wa usalama uliotosha pwani hapa hautoshi.

Usiwashe koili kubwa kwenye ploti. Hata ukiwa na ruhusa ya mwenye nyumba, kelele na miale ya redio huingia kwa jirani na kuharibu vifaa vyake, hasa ukitumia ardhi ya nyumba badala ya fimbo yako mwenyewe iliyochimbiwa nje. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo kifuani asiingie bandani kabisa, na atakayekuleta akuulize jambo hilo kabla hamjapanda matatu.

Jumamosi uje na viatu vilivyofungwa, uache pete na saa nyumbani. Bisibisi utaikuta imening'inia kwenye msumari, kushoto mwa mlango, chini ya swichi kuu.